Vifaa vya kuonekana usiku kwenye baiskeli: kipi ununue kwanza

Mnunuzi mwenye nia ya kujikinga usiku kwa kawaida hukimbilia kizibao cha njano. Katika orodha hii kizibao kimekaa nafasi ya tano. Si kifaa kibaya, na nitaeleza kinapofaa, lakini mwenye fedha za kitu kimoja tu akinunua hicho atakuwa ameuacha mgongo wake wazi mahali penye hatari kubwa: gizani, gari likija kwa nyuma.

Nimevipanga vifaa kwa kipimo kimoja: kila kimoja kinampa dereva muda gani kabla hajakufikia? Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki, kisha gari lenyewe linahitaji mita nyingine 35 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla inafika mita 60, hata 70. Taa za chini za gari, zile anazowasha dereva anapopishana na wenzake, huangaza vizuri mita 40 hadi 60 tu, na mtu mwenye nguo nyeusi asiye na taa huonekana akiwa karibu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mita hazitoshi. Ama gari lipunguze mwendo, ama mwendesha baiskeli aonekane kutoka mbali. Hilo la kwanza nitalirudia, maana lina mwenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Dereva akiona kinukta cha mwanga mbele yake, bado hajajua ni nini. Huenda ni nguzo, kibao cha barabarani, au pikipiki iliyoegeshwa. Muda anaoutumia kulijua hilo ni muda ambao mguu wake bado uko kwenye mafuta. Vifaa bora ni vile vinavyomwambia mapema kwamba pale mbele kuna binadamu anayeendesha.

1. Taa nyekundu ya nyuma

Hii ndiyo ya kwanza kwa sababu inalinda upande ambao wewe mwenyewe huwezi kuulinda. Gari linalokuja mbele utaliona, na ukihitaji utatoka barabarani. La nyuma utalisikia tu, na siku ya upepo au mvua hutalisikia kabisa. Tena taa haingoji kumulikwa na mtu: inawaka kwa nguvu yake, hivyo inamfaa hata dereva mwenye taa moja iliyokufa, mwendesha baiskeli mwenzako asiye na taa, na mtu anayevuka barabara kwa miguu.

Unapochagua, usianze na namba ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi. Tazama kwanza kama mwanga unaonekana ukiishika taa kwa ubavu. Taa nyingi za bei ya chini humulika mbele yake tu, na ukiigeuza kidogo inapotea; ukiwa kwenye kona au ukiingia makutano, taa ya namna hiyo inakuwa kama haipo. Pili, tazama namna inavyofungwa. Mkanda wa mpira ni rahisi na haulegei haraka, ilhali kishikio chembamba cha plastiki huvunjika kwenye barabara yenye mashimo na taa ikabaki njiani bila wewe kujua. Tatu, uliza alama ya kuzuia maji. IPX4 inahimili maji ya kurushwa, IPX6 inahimili maji yenye nguvu, na IPX7 inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa mtu anayeendesha wakati wa masika, IPX4 ni ndogo. Nne, na hili nalitilia mkazo, iwe na dalili ya kukuonya betri inapokaribia kuisha. Taa iliyozimika nyuma yako huku ukiamini inawaka ni mbaya kuliko kujua huna taa, kwa sababu asiye nayo angalau hushuka na kusukuma.

Watu hubishana kuhusu mwanga wa kukonyeza. Ujerumani imeupiga marufuku kwa taa za baiskeli. Uingereza iliuruhusu mwaka 2005. Mwanga unaokonyeza huvuta jicho upesi, lakini humfanya dereva ashindwe kukadiria umbali wako, kwa kuwa kila anapotaka kukupima umepotea. Nashauri taa iwake bila kukonyeza. Ukiwa nazo mbili, na sheria ya kwenu ikiruhusu, moja ikonyeze na nyingine itulie. Ile hali ya mwanga mkali sana iliyotengenezwa kwa ajili ya mchana usiitumie usiku, kwa sababu dereva aliyepofushwa haoni ukingo wa barabara wala anayekufuata.

Ifunge ielekee nyuma moja kwa moja, si chini wala angani. Halafu simama hatua chache nyuma ya baiskeli ikiwa imepakiwa kama unavyoipakia kila siku. Gunia kwenye keria, koti refu, mtoto aliyekaa nyuma: vyote hivi hufunika taa iliyofungwa chini ya tandiko. Mwenye kubeba mizigo aifunge kwenye ukingo wa nyuma wa keria au kwenye madigadi.

Kuna ushahidi mzuri kuhusu taa kuwaka wakati wote. Katika mji wa Odense, Denmark, mwaka 2004 hadi 2005, waendesha baiskeli 3,845 walishiriki jaribio la taa zisizozimwa, mchana na usiku. Waliofungiwa taa hizo walipata ajali zenye majeruhi, za aina zote, kwa asilimia 19 pungufu ya wenzao wasiofungiwa. Nina imani na jambo hili kwa sababu ya kibinadamu tu: mtu husahau kuwasha taa, na magharibi huingia kabla hajakumbuka.

2. Reflekta za miguuni

Wengi watashangaa kuona mikanda hii midogo inayorudisha mwanga wa taa za gari imetangulia taa ya mbele. Sababu yake ni nzuri sana kuijua.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba ukifunga vinukta vichache vya mwanga kwenye viungo vya mtu aliye gizani, kisha mtu huyo akatembea, mtazamaji hutambua papo hapo kuwa anaona binadamu. Vinukta vilevile vikitulia, hubaki vinukta visivyo na maana. Macho yetu yana wepesi wa ajabu wa kutambua mwendo wa mwili. Sasa fikiria miguu ya mwendesha baiskeli: kifundo na goti hupanda na kushuka kwa namna ambayo hakuna kitu kingine barabarani kinachokwenda hivyo.

Watafiti wa Australia walilijaribu hili kwenye barabara iliyofungwa, usiku, na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Madereva walitakiwa kueleza kila walipotambua mwendesha baiskeli. Aliyevaa nyeusi alitambuliwa kwa asilimia 2 tu. Mwenye kizibao cha rangi kali kisicho na reflekta, asilimia 15. Mwenye kizibao cha reflekta, asilimia 50. Alipoongeza reflekta kwenye vifundo na magoti, asilimia 90. Madereva wenye umri mkubwa walifanya vibaya kuliko vijana.

Katika jaribio hilohilo, taa ya baiskeli haikuongeza utambuzi wa madereva. Hilo halikunifanya niishushe taa ya nyuma kutoka nafasi ya kwanza, kwa sababu reflekta ina udhaifu wake: hurudisha mwanga kule ulikotoka, basi. Gari lisipokumulika, umezimika. Anayetokea kwenye kona, anayetoka nyuma ya lori, anayeingia barabara kuu kutoka pembeni, hao taa zao hazikufikii hadi wakati umekwisha. Ila matokeo yale yanaonya jambo la kweli: taa peke yake inatangaza kuwa kuna kitu, na miguu inatangaza kuwa ni mtu. Nunua vyote viwili mapema iwezekanavyo.

Mikanda hii iwe mipana, vidole viwili au zaidi, na kitambaa cha reflekta kizunguke mguu mzima, kwa kuwa mguu huzunguka na dereva anaweza kukuona kwa pembe yoyote. Ile ya chuma inayojikunja yenyewe ikipigwa hulegea mapema. Ya kunata hudumu na inaweza kuvaliwa juu ya suruali pana. Mkanda wa aina hiyo pia huzuia suruali isinaswe na mnyororo. Asiye na uwezo wa kununua ashone kipande cha kitambaa cha reflekta kwenye upindo wa suruali ya kazini. Kinafanya kazi ileile.

3. Taa nyeupe ya mbele

Nafasi ya tatu haina maana ya hiari. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iweze kutoa mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma, pamoja na reflekta nyekundu nyuma, na sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huo.

Jiulize kwanza unaendesha wapi. Penye taa za barabarani unahitaji taa ya kuonekana tu, ndogo, isiyokula betri. Pasipo na taa za barabarani unahitaji taa ya kuonea njia, na hapo umbo la mwanga ni muhimu kuliko wingi wake. Taa nzuri ina mwanga uliokatwa juu, kama wa gari: unamwagika barabarani na haupandi machoni mwa anayekuja. Ujerumani hudai angalau laksi 10 (kipimo cha mwanga unaofika mahali) kwa umbali wa mita 10, na taa zilizopimwa huko huwa na mkato huo wa juu. Taa ya duara iliyotengenezwa kama tochi hupoteza nusu ya mwanga wake kwenye matawi ya miti na machoni mwa watu. Ukilazimika kuitumia, iinamishe.

Jihadhari na betri za uongo. Seli ya lithiamu ya ukubwa wa 18650, ile nene kuliko betri ya kawaida ya redio ndogo, haizidi mAh 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) hata ikitoka kwa watengenezaji walio bora. Ukiona seli ya ukubwa huo imeandikwa 9,900, rudisha. Aliyedanganya kwenye betri amedanganya pia kwenye lumeni.

Mwenye kuendesha kila usiku, hasa anayefanya kazi kwa baiskeli, afikirie dainamo ya kwenye habu ya gurudumu la mbele. Kawaida yake ni volti 6 na wati 3, inatosha kuwasha taa ya LED ya mbele na ya nyuma pamoja, na taa nyingi za aina hii huendelea kuwaka kwa dakika kadhaa ukisimama. Gharama yake ni kubwa mwanzoni, na gurudumu linahitaji fundi anayejua kusuka spoku. Ila hutachaji tena, wala hakuna atakayeichomoa na kuondoka nayo ukiwa dukani.

4. Reflekta za baiskeli yenyewe

Hapa sina mengi ya kusema kwa sababu huenda tayari unazo. Marekani, kwa mfano, hailazimishi baiskeli mpya kuuzwa na taa, lakini inalazimisha reflekta mbele, nyuma, kwenye pedeli na kwenye magurudumu. Wengi huzing'oa ili baiskeli ionekane ya mashindano. Usizing'oe. Za pedeli ndizo bora, kwa sababu zinapanda na kushuka pamoja na mguu. Za kwenye spoku, au tairi lenye mstari wa reflekta ubavuni, huonyesha duara mbili ambazo kila mtu anajua ni za nini, ingawa kwa anayekuja ubavuni mara nyingi huonekana akiwa amekaribia mno. Zifute tope. Reflekta yenye vumbi hairudishi mwanga.

5. Kizibao cha reflekta

Kizibao kina sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti, na watu huzichanganya. Rangi kali ya njano au ya machungwa hung'aa kwa kunyonya miale ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga unaoonekana. Jua likizama, kazi hiyo imekwisha. Chini ya taa za gari rangi ile haina nguvu ya pekee. Kinachofanya kazi usiku ni mistari ya fedha peke yake. Kwa hiyo kizibao cha njano kisicho na mistari hakifai kwa safari ya usiku, hata kiwe kipya namna gani.

Tafuta kilichoandikwa EN ISO 20471, kiwango cha nguo za kazi za kuonekana, na soma lebo ya ufuaji: mistari huchakaa kwa kufuliwa, na mingi hupauka kabla kitambaa chenyewe hakijachanika. Kiwe kipana cha kutosha kuvaliwa juu ya koti. Ukibeba begi mgongoni, begi litakifunika, na hapo kifuniko cha begi chenye reflekta kinakufaa zaidi.

Kwa anayeendesha zaidi mchana, nafasi ya tano si haki. Denmark walifanya jaribio jingine kwa waendesha baiskeli 6,793 waliojitolea, nusu wakipewa jaketi la njano kali, na ripoti ya mwaka 2018 ikaonyesha ajali za kugongana na wengine zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 47 kwa waliopewa. Watafiti wenyewe walipozingatia kwamba washiriki ndio waliojieleza ajali zao, walishusha hadi 38. Bado ni kinga kubwa. Ila mimi napanga kwa ajili ya usiku.

6. Vinavyobaki

Taa ya kofia inasaidia kwenye makutano kwa sababu inageuka na kichwa chako, lakini isiwe taa yako pekee, na usimtazame dereva usoni ukiwa umeiwasha. Taa za rangi za kwenye spoku ni pambo lenye faida kidogo ya ubavuni. Vyombo vya leza vinavyochora mstari chini havionekani kwenye lami iliyolowa. Fedha hiyo iongeze kwenye taa ya nyuma.

Na dereva je?

Baada ya kila ajali ya usiku huulizwa swali moja: alikuwa amevaa nini? Swali hilo huniuma, kwa sababu aghalabu ndilo pekee linaloulizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na takriban asilimia 6 ya vifo vya barabarani ni vya waendesha baiskeli. Wengi wao hawakuhatarisha mtu mwingine yeyote.

Sikatai wajibu wa mwendesha baiskeli. Watafiti wameonyesha mara kwa mara kwamba waendesha baiskeli hudhani wanaonekana kuliko wanavyoonekana kweli: wewe unaona taa za gari kutoka mbali, ukaamini naye anakuona. Kuendesha gizani bila taa ni kuvunja sheria karibu kila mahali, na kunamwekea dereva mzigo asioweza kuubeba. Hilo ni lako, na ndiyo maana ya orodha hii.

Lakini kizibao hakikanyagi breki. Anayeendesha gari usiku anawajibika kwenda kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Gari linalohitaji zaidi ya mita 60 likiwa na mwendo wa 80 husimama ndani ya mita 45 hivi likiwa na mwendo wa 60. Mita hizo anazo dereva mguuni mwake, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kumpa mwendesha baiskeli mita hizo kwa uhakika. Kioo cha mbele kichafu, taa iliyoinuliwa vibaya, simu mkononi: navyo ni vyake. Uholanzi imeliweka hili kwenye sheria. Gari likimgonga mwendesha baiskeli, upande wa gari kwa kawaida hubeba angalau nusu ya hasara isipokuwa uthibitishe kwamba halikuwa kosa lake kwa namna yoyote, na mtoto wa chini ya miaka 14 hulipwa yote, ila kama alikusudia.

Wapo pia wanaopanga barabara. Bunge la Sweden mwaka 1997 lilikubali kwamba mtu atakosea daima, na kwamba ni kazi ya wanaojenga na kusimamia barabara kuhakikisha kosa halimgharimu uhai wake. Njia ya baiskeli iliyotengwa, taa za barabarani zinazowaka, mwendo uliopunguzwa penye watu: hivi humlinda hata mtoto aliyesahau kuchaji taa. Na mwajiri anayewatuma vijana kupeleka mizigo usiku kwa baiskeli anapaswa kuwanunulia vitu vinne vya kwanza vya orodha hii kutoka mfukoni mwake, si kuwakata mshahara.

Fedha zikiwa chache

Nunua taa ya nyuma mwezi huu pamoja na mikanda ya miguuni, ambayo ni ya bei ndogo kuliko vyote. Wakati huohuo azima taa yoyote nyeupe ya kufunga kwenye usukani, hata tochi, mpaka upate ya kwako. Kizibao kije baadaye.

Kabla ya kulipa, jaribu reflekta hapohapo. Shika tochi ya simu kando ya jicho lako, usawa wa shavu, kisha umulike kitambaa kutoka mbali kadiri chumba kinavyoruhusu. Cha kweli kitawaka cheupe machoni pako. Cha bandia kitaonekana kijivu kama kitambaa kingine chochote. Ukiishusha tochi hadi kiunoni mng'ao utapungua hata kwa kitambaa kizuri, kwa kuwa mwanga unarudi ulikotoka, kwa hiyo usimruhusu muuzaji akumulikie yeye akiwa amesimama pembeni. Ukifika nyumbani na giza likiingia, mwombe mtu apande baiskeli yako na kuondoka taratibu akiwa amevaa vyote, nawe umulike kwa nyuma. Kinachofunikwa na koti au mzigo utakiona hapo, na utajua pa kukihamishia.